Milolongo Miwili

Alikuja na mshipi mkononi.
"Nisomee huu," alisema, kwa Kiswahili alichojifunzia kitandani
mwaka aliovunjika nyonga.
Velta wa Latvia, miaka sabini na minne,
mpangaji wa Bi Maamuni ghorofani, huku Langoni.
Mimi ni fundi wa kofia za vito. Kazi yangu vitobo.

Hata hivyo niliupokea. Mweupe, na wekundu wa damu iliyokauka,
alama juu ya alama, hakuna iliyojirudia.
Mamake aliufuma, akauvaa chini ya sweta
miaka ile ambayo rangi hizo mbili zikikaa pamoja
ni kesi, na kesi ni behewa la ng'ombe,
na behewa ni theluji. Babake hakurudi.

Nikamwonyesha ngome, pale mwisho wa kichochoro.
Babu yangu alilala humo miezi tisa.
Aliwaambia Waingereza neno.
"Neno gani?"
Hatukuambiwa. Ila alirudi.
Akatikisa kichwa kama anayehesabu chenji.

Zamani, alisema, kabla ya nyanya yake kuzaliwa,
lugha yao iliambiwa ni ya zizini na jikoni.
Aliyesoma aligeuka Mjerumani.
Ndipo watoto wa wakulima wakaanza kuokota nyimbo za bibi zao,
vikaratasi, mistari minne minne,
wakavitia kabatini, droo juu ya droo.
Nchi yao ilianza kama kabati.

Mistari minne! Hapo niliweka sindano chini,
mimi niliyevishwa kibao shingoni darasa la tatu
kwa kusema *mato* badala ya *macho*.
Imba mmoja, nikamwambia. Akaimba, sauti mbovu.
Akanieleza maana, nikaupimia mizani yetu:

  Ulimi wangu wa shamba
  umefungiwa kwa kamba
  nimekaa nikiimba
  fundo nalo lafunguka.

Kisha akanipa ile ya Agosti, themanini na tisa.
Kando ya barabara ya kwenda Valmiera,
mabua ya shayiri mgongoni, redio mfukoni
imefungwa leso isikwaruzwe na funguo.
Redio ikasema: sasa.
Kushoto akashika mkono wa dereva wa trekta,
kulia, wa mwalimu aliyemfelisha hesabu.
Nchi tatu, kilomita mia sita, dakika kumi na tano,
na hakuna aliyemjua wa mwisho.
"Viganja vilitoka jasho," alisema. "Hilo hawaliandiki."

Nasi tulipangwa mstari, nikasema. Mwaka mmoja kabla.
Uwanja wa shule, jua la saa nne,
kila mtu nyuma ya picha ya mtu wake.
Wetu ulizunguka mkunazi, ukapita vyoo,
ukagusa ukuta wa zahanati.
Wao wangeenea baraza moja, na nafasi ya kahawa ikabaki.
Karani alihesabu kwa ncha ya kalamu, macho kwenye karatasi.
Mrefu ukatangazwa mfupi.
Tukaenda nyumbani. Tulikula muhogo.

"Mlishikana mikono?"

Hapana. Ule ulikuwa mlolongo wa visogo.
Hadi leo nakijua kisogo cha Shekuwe,
chunjua chini ya nywele, kola iliyogeuzwa.
Uso wake siku ile sikuuona.

Akanyamaza. Akanipa ncha moja ya mshipi,
yeye akarudi nyuma na ya pili hadi ukuta wa pili,
aone kama umefupika na safari.
Punda wa mchanga akatokea kona ya msikiti. Hakungoja.
Tukauinua juu, akapita chini na vumbi lake,
na mtoto anayemswaga akauliza
hii harusi ya nani.

Kofia aliyoagiza ni ya mjukuu, nyeupe kwa nyeupe.
Nilimcheleweshea wiki mbili.
Ndani, pale panapogusa kipaji cha uso,
nilipitisha uzi mmoja mwekundu.
Sikumwambia. Labda watauona siku ya kuifua,
labda watadhani ni damu ya kidole changu,
na mara moja, kweli, nilijichoma.